Vipande vya Filamu Niliyoifuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga picha za miguu yangu mwenyewe kwa dakika ishirini. Ilikuwa harusi, pale Korogwe mjini. Fundi aliyenipokea, marehemu Fundi Singano, alinitwisha kamera ya kanda begani, nzito kama mtoto aliyelala, akaniambia nibonyeze kitufe chekundu. Nikabonyeza mara mbili ili niwe na uhakika. Hakuna aliyeniambia kwamba ya kwanza inawasha na ya pili inazima. Basi bibi harusi alipokuwa anaingia, kamera ilikuwa imelala. Nilipoishusha ili nipumzike nikabonyeza tena, nikidhani naizima, ndipo ikaanza kuandika.

Kesho yake Fundi hakunigombeza. Alinikalisha mbele ya televisheni akasema, "Tazama yote." Nikatazama kandambili zangu zikikatiza vumbi, zikisimama kwenye foleni ya pilau, zikirudi. Mama wa bibi harusi akaingia kuchukua kanda yake tukiwa bado tunatazama. Jamani, ile aibu! Fundi akamwambia kosa ni lake yeye, kwa kuwa hakunifundisha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilifurahi sana kubebewa kosa langu.

Sasa nimestaafu, mwezi umepita. Duka la Chanika, hapa Handeni, mnaendelea nalo ninyi vijana watatu, na mmenisumbua mno niwaandikie mambo ya kazi. Sawa. Ya mapato sitaandika, hayo hata mume wangu hakuwahi kuyajua vizuri. Nitaandika ya mashine, ya Fundi, na ya filamu moja ya Mwalimu Hadija wa Magoma, ambayo niliifuta kwa mkono wangu, kisha nikadanganya. Mlisikia kwamba diski ilikufa. Diski haikufa, mnaitumia mpaka leo, ni ile yenye plasta nyeupe.

Nianze na enzi za kanda, maana bila hizo hamtaelewa kosa lenyewe. Kwa Fundi tulikuwa na deki mbili zilizounganishwa kwa waya. Moja inacheza, nyingine inaandika, na kuhariri kulikuwa ni kuwahi kubonyeza. Nakala ya kanda ilitoka na ukungu kidogo. Nakala ya nakala, ukungu zaidi. Ukifika ya nne, bwana harusi na msimamizi wake huwatofautishi. Kwa hiyo kanda ya kwanza haikutoka dukani hata siku moja. Fundi alikuwa anakivunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwake, ili deki ikatae kuandika juu yake, kisha anaandika jina la mwenye shughuli na kuiweka kabatini.

"Hii si yetu," alikuwa akiniambia. "Sisi tumeitunza tu. Haifutwi mpaka mwenyewe aje hapa aseme ifutwe." Nami nilikuwa naitikia, "Ndiyo, Fundi," huku nikifikiria lile kabati lingefaa sana kuwekea vyombo. Lakini watu walikuja. Walikuja baada ya miaka mingi, baba yao kafariki, wanataka kumwona akitembea. Fundi anafungua kabati, anatoa.

Nilipoolewa nikahamia Handeni, nikafungua duka langu Chanika, jirani na mashine ya kusaga. Siwashauri mweke deki za video karibu na unga wa mahindi. Kila jioni nilikuwa nafungua, napitisha spiriti na kitambaa, na bado picha zilikuwa na theluji. Kompyuta ilipokuja nilishangilia, nikijua unga hauwezi kuingia ndani ya faili. Kweli haukuingia. Yakaingia mengine.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wateja wananibishia mpaka leo. MP4 si aina ya picha. Ni gunia. AVI ni gunia, MOV ni gunia. Ukiliona gunia kwa nje huwezi kujua ndani mna mahindi au mbaazi, mpaka ulifungue. Kilichomo ni namna picha zilivyobanwa ziwe ndogo, na kila namna ya kubana inataka mashine inayojua kufumua. Ndiyo maana MP4 mbili zinafanana jina, lakini moja inacheza vizuri kwenye televisheni ya mteja na nyingine inatoa sauti na giza. Kulikuwa na jamaa hapa sokoni, kazi yake ni kubadilisha herufi za mwisho za jina. AVI anafuta, anaandika MP4, anamwambia mtu, "Tayari, nimeigeuza." Ameandika mbaazi juu ya gunia la mahindi. Haya, nenda kapike!

Yashikeni maneno mawili: kunakili na kugeuza. Kunakili ni kulichukua faili kama lilivyo na kuliweka mahali pengine. Halipungui hata chembe, ukitaka nakili mara mia. Kwa hilo mmetuzidi sisi wa kanda, na mshukuru. Kugeuza ni kulifumua na kulibana upya, na kila ukibana kuna kitu unatupa. Kilichotupwa hakirudi. Watu wananiletea kipande kidogo kimetumwa kwa simu mara tano, wananiambia, "Mama Sefu, kifanye kiwe kikubwa cha kisasa." Nitakifanya, lakini ni kuongeza maji kwenye uji. Sufuria itajaa, uji ni uleule.

Makosa ya umbo nayo nimeyafanya. Televisheni pana zilipoingia, nilizichukua harusi zote za zamani, ambazo picha zake zilikaribia mraba, nikazivuta zijaze kioo. Nikajiona mjanja. Mama mmoja akarudi na diski yake, amefura. "Mama Sefu, marehemu dada yangu alikuwa mwembamba. Huyu mwenye mashavu ni nani?" Tangu siku hiyo picha ya mraba naiacha mraba, na weusi pembeni ukae, mteja akiuliza namweleza.

Ugonjwa wangu mkubwa ulianzia Kwaluguru. Huko nilikuwa na wateja wafugaji, watu wa heshima sana, na simu zao za vitufe zilicheza faili la 3GP peke yake, tena liwe dogo. Mzee mmoja, Lemburis, aliniletea sherehe ya mwanawe. Nikaibana mpaka ikawa ndogo kama stempu. Aliiweka simu mbele ya jicho moja, akatazama mpaka mwisho, akaangua kicheko. "Hata yule ng'ombe wangu wa pembe moja yumo!" Habari zikaenea. Watu wakaja kutoka kila upande: nitilie iwe ndogo, nitilie iwe ndogo. Nikapata sifa, na sifa ikanilevya. Nikaanza kuiona ile ndogo ndiyo kazi yenyewe, na ile kubwa niliyoitolea ni takataka inayonijazia diski. Taratibu nikaanza kufuta. Fundi Singano alikuwa ameshafariki, hakukuwa na wa kuniuliza.

Ndipo akaja Hadija. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Magoma, msichana mwembamba mwenye sauti ya darasani. Aliingia dukani wakati wa likizo ya Juni.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye Mama Sefu wa video?"

"Marahaba. Inategemea umetumwa na nani."

"Sijatumwa. Nataka kutengeneza filamu."

Nikamuuliza ana kamera gani. Akatoa simu, tena ya kaka yake, ameazima. Nikacheka. Hakucheka. Basi nikamwonyesha kiti, akakikalia karibu miaka mitatu, kila likizo na Jumamosi nyingi, akipanda basi kutoka Korogwe. Nilimfundisha kuifunga nuru ya simu isiwe inapanda na kushuka yenyewe. Nilimfundisha kwamba kamera ya kweli inapiga fremu, yaani picha moja moja, ishirini na tano kila sekunde bila kukosa, lakini simu ni mvivu: pakiwa na kivuli inapunguza fremu, jua likitoka inaongeza. Ukija kuhariri, midomo inakwenda huku na sauti inakwenda kule. Alikuwa anaandika yote kwenye daftari la wanafunzi, kisha ananiuliza maswali ambayo yalinilazimu nikasome usiku ili kesho nijifanye nilikuwa nayajua.

Filamu yake aliiita Mpaka wa Masale. Ni habari ya mama mjane ambaye mwanawe anataka kuuza shamba, na ili auze lazima ang'oe ile mimea ya masale iliyopandwa kuonyesha mpaka. Waigizaji walikuwa watu wa Magoma hukohuko, wakulima na wauza duka. Hakuwa na cha kuwalipa. Kwa hiyo akaanzisha utaratibu wake: siku hiyohiyo mtu akimaliza kuigiza, Hadija anachomeka waya na kumwekea kipande chake kwenye memori kadi yake, kizima, kabla hakijakatwa.

Nilimfokea. "Unagawa nyama mbichi kabla hujapika! Watu wataona makosa yote."

"Mama, wamenipa siku zao nzima," akasema. "Mimi sina cha kuwapa zaidi ya sura zao."

Nikamwacha. Yeye mwenyewe hakubaki na kitu. Simu ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo kila wiki aliniletea, tunahamishia kwenye diski yangu, anaisafisha simu, anarudi kupiga tena. Filamu yote ilikuwa kwangu.

Mama mjane aliigizwa na Mama Elina, mkulima wa migomba na mwimbaji wa kwaya, ambaye hakuwahi kuigiza maishani. Mweh! Nimeona waigizaji wengi wakijikakamua mbele ya kamera. Yule mama alisimama tu, akasema. Mumewe, Mzee Yona, ndiye aliyeshika taa yetu, yaani bati jipya la kuezekea, akilielekeza juani ili nuru imrudie mkewe usoni pale kwenye kivuli cha migomba. Tulimaliza kupiga picha mwezi wa tatu. Kabla mwaka haujaisha Mama Elina aliugua siku chache, akafariki. Tulimzika, na filamu tukaimaliza kwa huzuni. Nikaitengenezea ile ndogo yangu maarufu, ikasambaa Magoma nzima kwa memori kadi, watu wakaipenda.

Kisha ukafika msimu wa harusi na diski imejaa. Nikalitazama lile folda la Hadija, kubwa kuliko yote. Nikajiambia filamu imekwisha, watu wanayo, kuna nini tena. Nikachagua vyote: vipande vilivyopigwa na filamu yenyewe ile kubwa. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, huku natafuna muhogo.

Miezi minne baadaye Hadija alinijia mbio, hata shikamoo akaisahau. Kulikuwa na tamasha la filamu Dar es Salaam, alipeleka ile ndogo kuwaonjesha, wakaipenda. "Mama, wameichukua! Wanataka tu ile kubwa, kama ilivyopigwa. Wametoa wiki tatu."

Naapa sikupanga kudanganya. Nilifungua mdomo niseme kweli, ukatoka uongo umeshavaa nguo. "Diski imekufa," nikasema.

"Lini?"

"Juzi tu. Nilikuwa nawaza nitakuambiaje."

Akakaa chini sakafuni, pale penye nyaya. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Na Mama Elina?"

Wengine wote tungeweza kuwapiga picha upya. Mama Elina alikuwa kaburini, na bila yeye hakuna filamu. Nilijua hivyo, naye alijua. Akainuka, akanishika bega, akasema, "Pole sana mama. Na kazi zako nyingine zote zimepotea." Akanipa pole. Mimi! Nilijisikia vibaya mpaka nikaenda uani kujifanya naosha vikombe.

Yeye ndiye aliyekumbuka vile vipande vya waigizaji. Kila mtu alikuwa na chake, kizima, kimenakiliwa kwa waya, hakijageuzwa. Filamu yangu niliyoifuta ilikuwa imetawanyika Magoma, mifukoni mwa watu. Wiki iliyofuata tulianza kuzunguka na kompyuta yangu ndogo begani. Kadi moja tuliikuta imefungwa kwenye pindo la kanga. Nyingine ilikuwa ndani ya simu iliyopasuka kioo, tukaipata nzima. Muuza duka mmoja alikuwa amejitumia kipande chake kwa ujumbe wa simu kisha akafuta kile cha kwanza, na picha imechujuka haifai. Tungempiga upya mara moja, ila alikuwa amenyoa ndevu. Tukamsubiri siku tano ziote, na Hadija akawa anapita kumkagua kila asubuhi kama daftari la hesabu. Hata hivyo, kwa siku kumi tulikuwa na kila mtu, kasoro Mama Elina.

Kadi yake alikuwa nayo Mzee Yona. Tulimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo, redio ndogo pembeni yake. Yeye na Hadija wakaamkiana Kishambaa kwa kirefu, mimi Mzigua nikidaka neno moja moja. Nikampa shikamoo yangu, akaitikia, Hadija akamweleza shida yetu.

"Kadi ipo," mzee akasema. "Lakini hamna picha humo."

Akatueleza. Baada ya msiba alitaka awe anamsikia mkewe, na simu yake ilikuwa imeharibika, ana redio tu. Jamaa anayetia nyimbo kwenye kadi pale sokoni akaigeuza ile video ikawa sauti tupu, MP3, redio iweze kuicheza. Kisha akaifuta video ili apate nafasi ya nyimbo za kwaya. Alifanya kilekile nilichofanya mimi, ila yeye aliomba ruhusa.

Mzee akabonyeza redio. Sauti ya Mama Elina ikatoka safi kabisa, hata majani ya migomba unayasikia nyuma yake. "Hayo masale aliyapanda bibi yako, na mimi nimeyamwagilia mwaka wa ukame. Ng'oa. Lakini ung'oe mimi nikiwa natazama." Kikapita kimya. Akasikika Hadija akisema, "Kata." Watu wakacheka kwa kupumua, na Mama Elina akasema, kwa sauti yake ya nyumbani sasa, "Yona, shusha hilo bati, utaungua mikono. Shusha, baba."

Mzee akazima. "Hayo ya masale ni yenu," akasema. "Mimi nasikiliza haya ya mwisho. Kila asubuhi, kabla ya kwaya."

Kwenye filamu maneno hayo hayakuwemo. Niliyakata mwenyewe, ndiyo kazi, likisemwa "kata" unakata.

"Mkiichukua, itapungua?" akaniuliza.

"Haitapungua, mzee. Nitanakili tu, sitageuza."

"Hata yule wa sokoni alisema haitapungua. Na ile ya kwenu, ile yenye picha, imekwenda wapi?"

Hadija akanijibia. "Diski ya mama ilikufa, mzee. Bahati mbaya."

Mzee hakumtazama Hadija. Alinitazama mimi, mkono wake uko ndani ya maharage. "Basi nikikupa hii, nayo ikifa?"

Ningeweza kuapa. Ningeweza kusema diski mpya hazifi, na yule mzee angeniamini, kwa sababu alikuwa hajui mashine. Lakini alikuwa ananiuliza habari za mke wake. "Haikufa," nikasema. "Niliifuta mimi. Nilitaka nafasi ya kuweka harusi. Nikaona aibu, nikamwambia huyu mtoto kwamba imekufa."

Hadija akainuka polepole, akashuka barazani, akaenda akasimama kwenye migomba, ametupa mgongo. Nikatamani nimfuate, nikaona sina haki hiyo.

"Kwa hiyo unajua kufuta," mzee akasema.

"Najua, mzee."

"Umefanya vizuri kunieleza. Nakili hapahapa, mimi nikiona."

Nikatoa kompyuta, nikachomeka kadi. Nilipomaliza nikamwonyesha ukubwa wa faili la kwenye kadi na la kwenye kompyuta, zile tarakimu zote ndefu. Akazifuata kwa kidole moja moja, akizitamka, mara mbili. "Zinalingana," akasema. Kisha akanitaka nimrudishie kadi redioni na kuicheza yote mpaka mwisho, na ilipofika kwenye bati akatikisa kichwa, akarudi kwenye maharage yake.

Hadija hakunisemesha njia nzima. Tulipofika stendi ya Korogwe, mimi napanda basi la Handeni, ndipo akasema. "Miaka mitatu, mama. Na mimi nikakupa pole."

"Nisamehe, mwanangu."

"Tumalize kazi kwanza."

Tukamaliza. Sauti ya Mama Elina ilitoka kwenye kadi ya Mzee Yona, nzima na safi. Picha ilikuwa ya ile ndogo yangu, hafifu, kama kutazama kupitia dirisha lenye mvua. Na havikutaka kukaa pamoja, kwa sababu nilipoibana ile ndogo nilizilazimisha fremu zote ziwe sawa, na pia nilikuwa nimekata kimya hapa na pale. Ilibidi nitafute kila pumzi ya yule mama kwenye sauti, niipeleke penye kifua chake kilipopanda. Sekunde hamsini za filamu zilinichukua siku tatu. Nilitaka niikuze picha ijaze kioo na kuitia makali ya bandia. Hadija akakataa katakata. "Usiongeze maji, mama. Iache udogo wake." Tukaiweka katikati ya weusi, ndogo, ilivyo. Na yale maneno ya bati niliyoyakata, akaniambia niyaweke mwishoni kabisa, majina ya waigizaji yanapopanda.

Tuliipeleka zikiwa zimebaki siku mbili. Kwenye tamasha waliionyesha. Waliandika kwamba picha ya sehemu moja ni dhaifu, na hawakukosea.

Magoma tuliionyesha darasani kwa Hadija, Jumapili baada ya ibada, madirisha yamezibwa kwa kanga. Mzee Yona alikaa mbele, kofia gotini. Ilipokuja ile picha ndogo katikati ya giza nilitaka ardhi inimeze. Watu wote waliinama mbele kumtazama yule mama. Mzee hakuwa amemwona akisema tangu alipofariki. Hakuondoa macho mpaka majina yalipoanza kupanda na sauti ikaja: "Yona, shusha hilo bati." Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia, akageuka kwa watu akasema kwa nguvu, "Hajaacha kunituma!"

Nilimtafuta Hadija kwa macho, nimwonyeshe furaha yangu. Alikuwa ameinamia kompyuta, anahakikisha faili limehifadhiwa.

Likizo iliyofuata alikuja Chanika na filamu mpya. Sikujua kama angekuja. Aliniamkia kama siku zote, akakaa kwenye kile kiti chake, akafungua mkoba, akatoa diski mbili zinazofanana. Moja akaiweka mezani mbele yangu. "Hii ni ya kwako ya kufanyia kazi, mama," akasema. Ya pili akairudisha mkobani, akafunga zipu. Sikumuuliza ni ya nini. Iliniuma mpaka kwenye mbavu. Nikaichomeka ile aliyonipa, nikamwambia asogeze kiti, tuanze.